Maganda ya Kipande cha Kumi na Saba

Begi la mjomba lilimwagwa juu ya meza ya maabara, mbele yetu sote: sweta, miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, bakuli la chakula lililokwisha kuoshwa. Hakukuwa na hata punje moja ya soya. Mimi ndiye niliyesababisha limwagwe.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kituo kile cha kuzalisha mbegu. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye alipima uzito wa mavuno, mimi nilipima na kuhesabu mimea ikiwa shambani. Urefu wa mmea, matawi, siku za kutoa maua, maganda. Daktari, mtafiti wetu mkuu, alitaka kujua ni sifa ipi inayotabiri mavuno, ili tuchague mbegu kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Namba zangu zilianza kusema jambo moja: penye maganda mengi, pana soya nyingi.

Kipande cha kumi na saba cha shamba letu la majaribio ndicho kilichonitia kiburi. Kila mmea ulibeba maganda zaidi ya mia, mara mbili ya majirani zake. Nilimwambia Daktari kwa majigambo kwamba mbegu yetu tumeipata. Kisha zikaja karatasi za mizani, kwa mwandiko wa mjomba. Kilo mbili na robo. Vipande vya jirani vilikuwa vimetoa nne.

Tangu hapo nikawa namtazama mjomba kwa jicho la pembeni. Mbona alifunga mlango akipima? Alisema upepo huichezesha mizani. Mbona alitoka wa mwisho kila siku? Begi lake, niliapa moyoni, lilitoka jioni likiwa zito kuliko lilivyoingia asubuhi. Hata mluzi wake ulinikera. Niliusikia kama mluzi wa mtu mwenye lake jambo.

"Una nini siku hizi, mama?" aliniuliza.

"Uchovu tu, mjomba."

Kesho yake nikaenda kwa Daktari.

Baada ya upekuzi, mjomba alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, sweta akalikunja vizuri. Hakupandisha sauti.

"Ungeniuliza tu," alisema.

Hata hapo sikumwamini. Nilijiambia ameonywa mapema.

Siku kumi baadaye, baada ya mvua, nilipita shambani nikakuta kipande cha kumi na saba kimegeuka kijani. Miche ya soya ilikuwa imesongamana katikati ya mashina yaliyokatwa. Nikachutama. Chini kulijaa maganda makavu, yamepasuka na kujisokota, matupu. Nilikuwa nimeyahesabu yakiwa mabichi, nikaenda zangu. Vibarua wa kuvuna walichelewa wiki mbili, na jua likayapasua. Punje zilikwisha kumwagika kabla mundu haujafika.

Niling'oa mche mmoja nikampelekea mjomba. Nikamweleza jinsi maganda yalivyopasuka.

Aliugeuza mkononi, akatazama mizizi yake.

"Basi na hiyo iandike," akasema. "Kupasuka nako ni sifa."

Daktari aliongeza safu mpya kwenye fomu zetu. Mjomba alinisamehe, au alisema hivyo, na mama hakuambiwa kitu. Lakini miaka sita yote iliyobaki kabla hajastaafu, hakuandika uzito wa kipande chochote bila kuniita kwanza.

"Njoo usome wewe," alisema kila mara, kwa upole, huku akisogea pembeni.

Nami nilikwenda, nikasoma.