Nipo Tu

…na sasa Bibi Harusi anatuonyesha jiko lake kwenye simu, maana yake zamu yangu inakaribia, na Mungu wangu nitasema nini, jiko lenyewe jeupe pe, friji unabonyeza inakutemea barafu, “mnaona? mnaona?” tunaona mwenzetu, tunaona, tulimpa jina hilo kwa sababu kule ng'ambo tulikosoma alikuwa akijipamba asubuhi nzima na sisi tunatetemeka mlangoni kwa baridi, na Profesa, ambaye si profesa wala nini, anacheka kile kicheko chake cha kukohoa, miaka yote hii hatujaonana na kicheko ni kilekile… na mimi nimeegemeza simu kwenye kopo la plasta, nimegeuza kiti ili wasione meza, maana mezani kuna miguu, miguu ya bandia mitatu imelala pale kama mikate, hii ndiyo karakana yangu, chumba cha mwisho nyuma ya hospitali, katika mji ambao ukipiga chafya sokoni unaambiwa pole posta, na kwa nini lakini naificha, si ndiyo kazi tuliyosomea wote?… ko, ko… ko, ko… huyo ni fundi cherehani huko koridoni anajaribu mguu wake mpya, nimemwambia atembee taratibu ashike ukuta, mama wa watu, ndiye aliyenishonea gauni la harusi, kisukari kikamla mguu wa kulia, uleule wa kukanyagia cherehani, leo ndiyo mara ya kwanza anasimama… “na wewe Profesa, kiwandani vipi?” kiwandani, ndipo roho inaponiruka, maana nafasi ya kazi huko kwake ni moja, Profesa kaniwekea mimi, na jibu analitaka leo, tena amesema nilitoe mbele ya shahidi nisije nikakimbia, nyumba ipo, shule ya mtoto ipo, mshahara ambao nikimtajia mama yangu atadhani nimeingia kwenye uganga, na mume wangu, mwalimu wa hesabu, jana kaniambia amua mwenyewe mke wangu, nitakufuata hata kuzimu mradi kuwe na shule, akacheka, kisha akapiga pasi shati lilelile mara mbili… ko, ko… hapana, wa kulia unachelewa kutua, ni mrefu kidogo, hata unene wa kitambaa haufiki, lakini ni mrefu, nausikia… “mwanangu eeh! huu mguu una kiburi, unanipandisha bega!” nakuja mama, nakuja, subiri kidogo, na Bibi Harusi anauliza nani huyo, hapana, si kitu, endeleeni…

Si kitu? Nimesema si kitu? Haya… wao waliniita Dira, mimi, kwa sababu sikupotea hata siku moja, ile siku theluji ilifunika vibao vyote vya barabara niliwafikisha nyumbani kwa kunusa harufu ya mkate wa yule mwokaji wa kona, na leo wanadhani Dira kapotea, na kosa ni langu, kila wakiniuliza uko vipi najibu nipo tu, nipo nipo tu jamani, kama mtungi uliosahauliwa nyuma ya mlango, nani kanifundisha hilo “tu”?… “tunatoa miguu kwa maelfu,” Profesa anasema, “kwa maelfu, dada zangu, naichora kwenye kompyuta inaondoka,” na Bibi Harusi, mchokozi tangu zamani, “hebu tuambie, mtu akivaa anafananaje?” na Profesa anakuna shingo, “unajua sijawahi kumwona? hata mmoja”… ko, ko… ko, ko… maskini Profesa, namhurumia, lo, mimi namhurumia yeye! na mimi mwenyewe nimeuona mguu wa mpiga kengele wa shule ukimkimbiza mbuzi wake, nimeona wa muuza mkaa ukicheza ngoma kwenye harusi ya bintiye, wiki nzima nikisikia mtu anapita nje najua ni kazi yangu ile inapita, namjua kwa mlio, na hilo ndilo nimekuwa nikiliita “tu”… nafasi nitaikosa, najua, na nitaumia, mwisho wa mwezi nitaumia sana, wacha niumie… “mwanangu, nimeachia ukuta!” ameachia ukuta! na Profesa naye, “Dira? zamu yako, tunasubiri jibu, Dira, upo?”

“Nipo,” nasema, na ulimi unataka kuongeza kile kikia chake, “tu”, na nakimeza, naichukua simu toka kwenye kopo la plasta, naigeuzia meza na miguu yote mitatu, halafu mlango, halafu koridoni. “Nipo. Profesa, sogea karibu na kioo, kuna mtu nataka umwone anavyotembea.”