Anayeishi kwa Damu ya Wengine

Orlane alikuwa na selimundu, ugonjwa wa chembe za damu zinazojikunja na kuziba mishipa, na tangu utotoni aliishi kwa kuongezewa damu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikaa mtaa wa Nyakabiga na Odette, mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu walipovuka mpaka kutoka Uvira. Kila alipozidiwa, hospitali iliwaomba ndugu watoe damu ya kurudishia akiba, na kila mara Odette ndiye aliyekunja mkono wa blauzi.

Kila Jumamosi mchana Orlane alikuwa akienda saluni kwa Orpha, rafiki yake tangu shuleni. Humo walisomeana kwenye simu riwaya za Kifaransa za vampaya: wafu wenye sura nzuri wanaokunywa damu ya walio hai, na wanawake wanaowapenda. Orpha alikuwa na sababu yake ya kuzipenda. Mumewe alikuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

"Ule mwanaume wa mu kitabu hawezi kuingia mu nyumba kama mwanamuke hajamukaribisha," alisema huku akisuka. "Na akishaingia, haendi tena. Mi nitamupata wapi wa vile?"

Wateja walicheka. Orlane hakuulizwa sababu yake, naye hakuisema.

Jumamosi moja alisahau dawa nyumbani, Odette akamletea. Alimkuta anasoma kwa sauti pale msichana anapomnyooshea mpenzi wake mkono ili anywe. Odette alisimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Alimpa dawa, wakatoka pamoja. Njiani ndipo alipofungua mdomo.

"Mutu anakunywa damu ya mwenzake, na we unaita ile mapenzi? We, Orlane, mwenye unajua damu ni kitu gani?"

"Ni hadithi tu, mama mudogo."

"Shetani naye anaanzaka na hadithi. Futa."

Orlane alizifuta zote palepale barabarani, Odette akimtazama vidole.

Mvua zilipoanza, maumivu yalimshika miguuni, yakapanda hadi kifuani. Alilazwa, akatundikiwa mfuko wa damu. Alasiri Odette aliingia wodini akitoka kutoa ya kwake, pamba imebanwa kwenye kiwiko. Orlane alipoiona aligeukia ukutani.

"Nikuitie muganga?"

"Apana. Ficha mukono."

Odette hakuelewa. Alivuta kiti, akaketi.

"Kila nikiona ile pamba nasikia haya," Orlane alisema bila kugeuka. "Tangu niko mutoto ninakukula, mama mudogo. Unakumbuka Fortunat, mwenye alitaka kunioa? Mama yake alimuuliza, ni bibi gani huyu wa kukula damu ya watu? Akaacha kuja."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Mu zile hadithi, mutu anaishi na damu ya wengine, na bado anapendwa. Hawamuhurumii, wanamupenda. Na mwenye kumupatia hachoki. Ni sababu ya ile nilikuwa nasoma."

Odette aliutazama mrija, matone yakishuka moja moja. Angeweza kusema hakuchoka hata siku moja. Lakini aliikumbuka mihemo yake mwenyewe ya uchovu, asubuhi za kufunga biashara na kukimbilia hospitali, na akajua kwamba mtoto alikuwa akisikia.

"Nimechoka mara mingi," alisema. "Sitakudanganya. Nimechoka na ugonjwa. Lakini we, sijakuchoka."

Orlane aligeuka. Uso ulikuwa umelowa.

"Na ule binti wa mu kitabu," Odette aliuliza, "alimupatia mukono, kisha?"

"Sijui. Ulinifutisha sijafika pale."

Odette alicheka kidogo, kisha akalia, akijifuta kwa ncha ya kitenge.

Jumapili walikuja watu wa kikundi cha maombi, wakiongozwa na Anselme. Habari za vitabu zilikuwa zimemfikia. Aliweka Biblia kitandani, akatangaza kwamba amekuja kukemea roho ya damu iliyomwingia binti kwa njia ya kusoma. Orlane alifumba macho. Odette, ambaye katika kikundi kile hakuwahi kumpinga mtu, aliinuka.

"Roho ya damu haiko hapa, mutumishi. Hapa kuna mutoto mugonjwa. Vile vitabu, mi sivipendi, na nitasema naye mwenyewe nyumbani. We ombea hospitali ipate damu, maana iko kidogo. Na mukimaliza kuomba, chumba cha kutoa ni kile pale, mwisho wa koridoo."

Maombi ya siku hiyo yalikuwa mafupi. Akina mama wawili wa kikundi walikwenda mwisho wa koridoo, wakarudi na pamba zao kwenye viwiko, wakamsalimu Orlane mmoja baada ya mwingine, na safari hii hakugeukia ukutani. Anselme alisema yeye damu yake ni kidogo, akawasubiri nje.