Baba na Mwana Ndani ya Programu

Feni ya kompyuta kuukuu ilikoroma gizani alfajiri, na mama mmoja kijana alihangaika na zoezi la darasa la jioni: kuandika baba na mwana ndani ya programu, kila mmoja akielekeza kwa mwenzake. Lugha ile ya kompyuta haikubali kitu kibadilishwe kikishaumbwa. Akianza na baba, nafasi ya mwana inabaki tupu daima. Akianza na mwana, baba hayupo.

"Bado tu, mwanangu?" mama mkwe aliuliza toka kitandani. "Huyo mume hapatikani hata humo?"

Mama kijana alicheka, ila maneno hayo yalimchoma. Mumewe alikwenda kutafuta riziki mbali mimba ikiwa changa, na hajarudi. Lakini kwenye simu alimtaja mtoto kwa jina hata kabla hajazaliwa.

Vidole vikasimama. Kumbe jina laweza kutangulia. Akamtaja mwana ndani ya baba na baba ndani ya mwana, wote kwa pamoja, kwa kuwa lugha ile haimtafuti aliyetajwa mpaka atakapohitajika. Kompyuta ikakubali.

Binti yake alipoamka, mama alimpakata, akamwonyesha: kutoka kwako unafika kwa baba, na kutoka kwa baba unarudi kwako.

Mtoto aliigusa skrini.

"Baba ananijua."