Roketi na Chetezo cha Ayeeyo

Mwalimu mkuu alisema mara moja na hakurudia: mlipuko mmoja tu tena, na chama cha roketi kitafungwa. Hakukosea. Mwaka ule wa 1996, Garissa haikuwa mji wa kuchezea vishindo. Injini ya pili ya wasichana wa chama hicho ilipopasuka, askari walifika mbio na bunduki, wakakuta wanafunzi wanne, mwalimu wa fizikia, na ndoo iliyogeuka chujio.

Baruti yao, waliyoichanganya na sukari, haikuwa na neno. Ubovu ulikuwa kwenye mdomo wa injini, kile kitundu chembamba ambamo moshi hutoka kwa kasi na kuisukuma roketi. Waliutengeneza kwa saruji, ukapasuka. Wakafinyanga udongo wa Mto Tana, vigae vikaziba kitundu, na injini nzima ikalipuka.

Ndipo Ebla wa kidato cha tatu akafanya jambo ambalo mwenye akili zake halifanyi. Alichukua dabqaad ya bibi yake, chetezo cha jiwe jeupe kilichobeba makaa ya moto kila jioni bila kupata hata ufa. Ayeeyo, ndivyo alivyomwita bibi, alikuwa nacho tangu harusi yake huko Wajir. Ebla hakuomba ruhusa. Alikificha kwenye mkoba wa vitabu, akakikata, akakitoboa kwa keekee ya karakana kiwe mdomo wa injini. Maji alishayavulia nguo.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, walishuka kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, nyuma ya shule. Injini ilifungwa mdomo juu, kwenye mizani waliyoazima soko la mifugo, ili mshale uonyeshe inavyosukuma. Mwalimu Sugow wa fizikia akawasha utambi mrefu, akakimbilia nyuma ya magunia ya mchanga walikojificha wasichana. Ebla hakuomba nguvu wala kilo. Aliomba isilipuke tu.

Injini ikavuma kama stovu ya mafuta ya taa. Moshi mweupe ukapanda. Mshale ukafika kilo tisa, ukakaa hapo sekunde tatu, ukarudi polepole hadi sifuri. Hapakuwa na kishindo. Walisubiri hata hivyo, vidole masikioni, mpaka Kaaha, mmoja wa wasichana, akaanza kucheka na machozi yakimtoka. Ebla aliketi mchangani, akasema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka. Lile jiwe lilikuwa limeingia weusi tu.

Bado nyumbani. Siku tatu sasa Ayeeyo alikuwa akifukiza ubani kwenye kopo la maziwa na hakuuliza chochote, na hilo lilimtisha Ebla kuliko kufokewa. Akamwekea jiwe mapajani, akaungama yote. Bibi aliligeuza, akachungulia kitunduni kwa jicho moja.

"Halikupasuka?"

"Halikupasuka, ayeeyo."

"Nilijua. Chetezo hiki alinipa mama mkwe wangu. Miaka arobaini nakiangusha makusudi kila nikimkumbuka. Wallahi, hakivunjiki."

Ebla akacheka mpaka akaegemea ukuta. Bibi hakucheka. Alimrudishia jiwe, akauliza roketi yenyewe itafika wapi. Ebla akasema wanatarajia mita mia tano juu, kisha iangukie mchangani waiokote, jiwe likiwa ndani.

"Muiokote ya nini?" akasema Ayeeyo. "Ongezeni baruti."