Kachupa ka Sindano Tatu

Mu labo yetu pale Nchelenge kuna milango miwili. Ku mulango wa kwanza unaacha viatu, wa pili ndio unaingia ku kazi. Katikati kuna kachumba ka benchi moja, na mule ndimo Dokta Mable alituketisha asubuhi ile. Akafunga mulango wa mbele, akafunga wa nyuma, ufunguo akautia mu mufuko wa koti yake nyeupe.

"Hakuna mwenye kutoka," akasema. "Hata wa kwenda kukojoa. Mupaka kachupa kaonekane."

Tulikuwa watatu: yeye mukubwa wetu, Fanwell fundi wa labo, na mimi Orpha mwenye kusafisha. Dirisha ya kachumba kale haifunguke. Huko nje nilikuwa nasikia wanawake wanatoka ku ziwa na beseni zao za chisense, wale samaki wadogo, wanacheka na kusukumana.

"Kachupa ka nini?" nikauliza.

Fanwell ndiye alinijibu. Ni mutoto wa kijiji cha Puta, Kiswahili alikijulia kwa Wakongomani wenye kuvusha samaki. "Ka ile protini tulingojea miezi mine, Banakulu Bénie. Ile yenye kushika sukari."

Ananiita hivyo, bibi ya Bénie mujukuu wangu, kwa heshima ya Kibemba. Na habari ya protini alishaga kunieleza siku moja nikipangusa meza. Mu damu ya kila mutu, alisema, kuna kitu kinazunguka kinapapasa. Vidudu vinabeba sukari ku ngozi yao. Hicho kitu kikigusa ile sukari kinaing'ang'ania, basi mwili unajua kama adui ameingia. Yetu hii haikutoka mu damu ya mutu. Wazungu walinakili maagizo ya mwili, wakayapa chembe ndogo zenye uhai mu pipa, zikaipika zenyewe. Haikuwa dawa. Si ya kunywa, si ya kuchomwa, ilikuwa ya utafiti tu. Walitaka kuona inashika namna gani sukari ya mududu wa bilharzia, ule ugonjwa unafanya watoto wa ziwa wanakojoa damu.

"Nilikatoa ku frigo saa mbili," Fanwell akasema, "nikakaweka ku meza kapoteze baridi, maana hakafunguliwe kakiwa baridi. Nikaenda kuangalia jenereta. Kurudia, hakapo."

"Jenereta," Dokta akasema. "Na zile glavu zilipotea mwezi jana, nazo zilienda kuangalia jenereta?"

Mimi nikauliza tena, sijui ni nini ilinisukuma: "Hiyo protini iko na rangi gani?"

"Haina rangi, Banakulu. Wameikausha mupaka imelala chini kabisa ndani ya kioo. Mutu akiangalia, anasema chupa iko bure, haina kitu."

Mu fundo ya kitenge changu, upande wa kushoto, kachupa kale kalikuwa mule.

Tangu nianze kazi, Dokta mwenyewe aliniambia, mama, tuchupa twenye kuisha chukua tu. Ninatumia twa kuwekea chumvi, twa kuwekea vifungo. Asubuhi ile niliona kamoja peke yake ku pembe ya meza, karefu kama kidole cha mutoto, kofia ya zambarau. Nilikainua ku mwangaza. Nilikageuza juu chini. Hakuna tone, hakuna hata chembe kama ya unga. Nikasema, Fanwell amesahau kukaweka ku sinia ya vitu vya kutupa. Nikakaosha na maji moto na sabuni, nikakakausha na pembe ya kitambaa safi, nikatia sindano zangu tatu: ile nene ya magunia, ile ya nguo, na ile ya tundu ndogo yenye Bénie ananitungia uzi.

Ningesema pale pale. Mudomo ulifunguka, lakini macho yangu yakaenda ku mulango, maana nyuma yake, ku meza ya Dokta, karatasi yangu ilikuwa inangoja sahihi. Mimi ni mutu wa Pweto, kule Kongo, mukimbizi. Kila mwezi labo inatia sahihi kama ninafanya kazi, ndio ninaweza kukaa inje ya kambi. Kazi ikiisha, karatasi imeisha. Karatasi ikiisha, tunarudia ku kambi mimi na Bénie, na yeye alikuwa amebakisha wiki tatu aandike mutihani wake wa mwisho ku sekondari. Nikafunga mudomo.

Dokta akaanza kumupekua Fanwell. Mufuko wa kwanza: kitana, simu. Wa pili: karanga za kukaanga mu karatasi.

"Vua soksi."

Kidole kikubwa cha muguu kilikuwa kimeshatoka inje chenyewe. Fanwell akakiangalia.

"Eh! Wewe nawe umekuja kutoa ushahidi?" akakiambia. Kisha akanigeukia. "Banakulu, toa sindano. Kama ni kufukuzwa, nisifukuzwe kidole kinachungulia."

"Nimezisahau ku nyumba."

"Wewe? Kusahau sindano? Basi, Yesu anarudi leo."

Alikuwa anacheka, lakini karanga alikuwa anazirudisha mu karatasi moja moja kama mutu mwenye hana mahali pengine pa kuweka mikono.

"Dokta," nikasema, "nipekue na mimi."

Nilitaka mukono wake upate kile ulimi wangu ulishindwa kusema. Yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Mayo, mama, hapana! Nikupekue wewe, umri wa mama yangu? Kaa tu. Unaona joto? Ngoja nikupe maji."

Akanipa maji kwa mikono miwili, na kupiga goti kidogo, vile walimulea. Kama angenitukana, ningesema. Sasa nikawa nimeketi na gilasi, na ile fundo inanibonyeza ku ubavu, na wote wawili wananionea huruma.

Dokta akaketi ku benchi, karatasi ku goti, akaanza kuandika. Aliandika muda murefu. Kisha akamupa Fanwell kalamu.

"Ni barua ya wakubwa wa Lusaka. Inasema protini imepotea mu mikono yako, na kuanzia leo hauko mu labo hii. Tia sahihi hapa chini."

Fanwell hakuchekesha tena. Akapokea kalamu. Kabla ya kuandika akainama, akavuta soksi ili afunike kile kidole. Soksi haikufika. Akaivuta tena.

"Ngoja," nikasema. "Usitie sahihi."

Fundo ilikuwa imekazika, vidole vyangu viliteleza, nikaifungua na meno. Nikaweka kachupa ku benchi. Sindano zikalia ndani: cha, cha.

Dokta akakainua, akasoma maandishi, akahesabu sindano na macho.

"Ulikaosha?"

"Na maji moto, Dokta. Na sabuni."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Fanwell akaangua kicheko mupaka akashika ukuta. "Mara tatu! Dokta, hata mimi sioshi hivyo!" Kisha kicheko kikakatika, akapangusa macho na mukono wa koti. Hakunitazama.

"Niliona kako bure," nikasema. "Nilikosa. Halafu nilinyamaza, na kunyamaza hakukuwa kukosa, nilikusudia. Hiyo uandike."

Dokta akapasua barua ya kwanza, akaandika ingine. Fanwell akasema polepole, "Na mimi niliacha kachupa ku meza bila mutu. Weka na hilo." Dokta akaliandika. Tukatia sahihi wote wawili, yeye juu, mimi chini.

"Karatasi yako ya mwezi huu nitaisaini," Dokta akaniambia. "Ya mwezi ujao, mayo, Lusaka ndio wataamua. Mimi sitaweza kusema uongo."

"Merci, Dokta. Wiki tatu zinatosha mutihani."

Akafungua mulango wa mbele na wa nyuma, akaenda kupiga simu. Kachupa alikabeba, sindano akaniachia mu kiganja. Upepo wa ziwa ukaingia na harufu ya samaki.

Fanwell alikuwa anavaa kiatu.

"Leta soksi," nikamwambia.

Akasita. Halafu akaivua, akanipa bila neno, akakaa muguu bure pembeni yangu. Nikatoa uzi. Mara mbili ulipita kando ya tundu, mara ya tatu Fanwell alinyoosha mukono, akanitungia.