Ichrak Anakaa Wapi?

Mwanzoni mwa Januari binti yetu Ichrak alipiga simu kutoka Paris. Tarehe ya kutetea tasnifu yake ilikuwa imetoka, Alhamisi ya tarehe kumi na nne Machi, na alitaka mimi na baba yake tuwe ukumbini. Nililia kidogo kwa furaha. Halafu nikauliza kile ambacho mama yeyote angeuliza.

"Tutalala kwako?"

"Chumba changu kidogo sana, mama. Tafuteni mahali pa kupanga, wiki moja tu."

"Mtaa gani?"

"Nitawaambia," akasema, akakata simu.

Mume wangu Lazhar alifundisha jiografia hapa Sfax, Tunisia, miaka thelathini na mmoja. Mtajie mto wowote duniani, atakuambia unamwaga maji wapi. Siku ileile alitafuta ramani ya Paris, kubwa kama shuka, akaibandika kwenye meza ya kulia. Tangu hapo tukawa tunakula tumepakata sahani. Hakukuwa na muda wa kuchezea, maana fomu ya viza ilitaka anwani ya mahali tutakapofikia, na miadi yetu ilikuwa Jumatatu.

"Jiji limegawanywa mitaa ishirini," akanieleza, penseli mkononi. "Kila mtaa una namba. Wa kwanza uko katikati, halafu namba zinazunguka kama gamba la konokono."

"Kwa nini zizunguke?"

"Ndivyo zilivyo, Mongia."

Kwetu mtu akikuuliza unakaa wapi, unamwambia barabara ya Gremda, kilomita ya nne, basi, anafika. Niliinamia ile ramani mpaka shingo ikauma. Wa kumi na tatu umepakana na wa tano. Wa kumi na mbili umeshikana na wa ishirini. Nikamwambia Lazhar kwamba aliyezipanga hizo namba alikuwa na homa.

Jumapili ndugu zake wakaja kula, na hapo ndipo kichwa kilipovurugika kabisa. Mdogo wake, Abdelwaheb, alikuwa fundi bomba Paris kwa miaka ishirini na miwili. Alitoa ushauri kabla hajakaa.

"Barbès! Hakuna la kujadili. Nyama halali, viungo vya kwetu, kinyozi anaongea lugha yako. Utadhani hujatoka nyumbani."

"Sasa kama sijatoka nyumbani, nauli ya ndege ya nini?" nikamwuliza.

"Wewe shemeji kazi yako kupinga tu."

Wifi yangu Saloua aliwahi kukaa Paris siku tano na kundi la watalii, na tangu hapo Paris ni mali yake. "Barbès? Watamwibia kaka hadi meno ya bandia! Kaeni mtaa wa kumi na tano. Safi, kimya, watu wanatembeza vijibwa vyao."

"Kimya cha makaburini," Abdelwaheb akasema. "Nimezibua mabomba ya mtaa huo. Jirani akifa wanamjua kwa harufu."

"Abdelwaheb! Watu wanakula!"

Lazhar alikuwa anaandika yote pembeni mwa ramani, kama mwanafunzi. Walipoondoka alikuwa na majina tisa, na kila jina lilikuwa na mtu mmoja wa kulisifu na mwingine wa kulilaani. Kabla hatujalala Ichrak akatuma ujumbe: mtaa wa kumi na tatu, ni mtulivu, nitakuwa jirani yenu. Tukashukuru Mungu. Lazhar akaweka nafasi kwenye nyumba moja huko, akachora duara kwenye ramani, na Jumatatu tukapeleka fomu.

Wiki tatu baadaye viza zikatoka. Nilimpigia Ichrak kumpa habari njema. Akafurahi, halafu akasema, "Mama, ule wa kumi na tatu uacheni. Njooni Belleville, mtaa wa ishirini. Ni bora zaidi."

"Si ulisema utakuwa jirani yetu kule?"

"Nitakuwa jirani yenu huku."

"Umehama?"

"Aa, hapana. Yaani... ni karibu na maabara."

Lazhar akachukua rula. Maabara ya Ichrak iko mtaa wa tano. Akapima mara mbili, akavua miwani, akapima tena. "Belleville ni mbali zaidi," akasema. "Mbali kuliko kule kwanza. Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe kusoma vipimo vya ramani." Lakini alifuta nafasi ya kwanza, akaweka ya pili, akachora duara la pili.

Tarehe ishirini na tano Februari, simu tena. Safari hii Montreuil, ambako hata namba hakuna, ni nje ya jiji.

Lazhar alikwenda uani, akasimama mbele ya mlimau wake, akaanza kung'oa majani mabichi.

"Anatuficha kitu," akasema nilipomfuata.

"Ni mwanamume," nikamwambia.

"Mwanamume mmoja hawezi kukaa mitaa mitatu."

"Basi ni watatu!"

"Mongia!"

Tulicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Usiku nililala naona maduara yale. Labda anatuonea haya, nikawaza. Labda mtaa anaokaa ni wa watu wakubwa na hataki wenzake waone mama mwenye kitambaa kichwani na makopo ya harisa, pilipili yetu ya kusaga. Au labda haoni tena umuhimu wa tasnifu, na tukifika tutakuta ukumbi mtupu. Nilimuuliza moja kwa moja, "Ichrak, wewe unakaa wapi hasa?" Akanijibu, "Mama, niko Paris, nitakaa wapi?" Jibu gani hilo?

Mwishowe Lazhar akakasirika. "Sasa nachagua mimi." Akapanga nyumba mtaa wa kumi na tano, vyumba viwili, kwa sababu haukuwa na duara lolote. Saloua alipopata habari alitangazia ukoo mzima.

Tulitua Jumanne asubuhi. Ichrak alikuwa anatusubiri uwanjani, amekonda, amevaa koti linalomzidi mabega. Alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la kijivu, gurudumu moja limevunjika, kubwa kuliko masanduku yetu mawili ukiyaweka pamoja.

"Kumbe anayesafiri ni wewe?" baba yake akamtania.

"Nimekuja kulala nanyi, baba. Nimebeba vitu viwili vitatu."

"Hivi viwili vitatu vina kilo thelathini," Lazhar akasema, akalinyanyua, akalitua. Tukalipandisha kwenye treni.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Chumba cha kulala, sebule yenye kochi, jiko la kusimama mtu mmoja. Ichrak akaingia kuoga. Baada ya muda akaita, "Mama, nipatie taulo, iko juu kabisa kwenye sanduku."

Nikafungua zipu. Taulo ilikuwa juu kama alivyosema. Chini yake palikuwa na koti la baridi, na jingine, na mashuka. Nikaendelea, siwezi kusema uongo. Birika la umeme. Bahasha yenye cheti chake cha kuzaliwa. Nusu chupa ya mafuta yetu ya zeituni, imevishwa soksi isivunjike. Chini kabisa palikuwa na ile sufuria ndogo niliyompa siku alipoondoka, miaka mitano iliyopita, mpini wake umefungwa waya.

Nilibaki nimepiga magoti, sufuria mkononi. Mtu anayekuja kulala siku saba kwa wazazi wake habebi sufuria.

Nilimpa taulo kupitia upenyo wa mlango. Alipotoka, nywele zinadondosha maji, akaiona sufuria mezani. Akakaa kwenye kochi polepole, kama bibi kizee.

"Mwenye nyumba aliuza chumba changu Novemba," akasema. "Nimetafuta, mama. Kila mahali wanataka mdhamini, wanataka mshahara, wanataka karatasi ambazo sina. Mwenzangu wa maabara akanipokea, mtaa wa kumi na tatu. Halafu dada yake akaja na mtoto. Nikaenda Belleville kwa rafiki mwingine. Halafu Montreuil."

Lazhar alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo. "Miezi minne," akasema.

"Nilitaka mpange karibu na hapo nilipo. Asubuhi mnione natokea mlangoni na mkate, kama mtu mwenye kwake. Lakini kila mkishapanga, mimi nahamishwa."

"Na tasnifu uliandikia wapi?"

"Maktaba. Jikoni. Popote."

"Kwa nini hukusema?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nimekaa na rula napima ujinga, na mama yako anahesabu wanaume!"

"Wanaume gani?" Ichrak akanigeukia.

"Achana nalo hilo," nikasema.

Akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikamvuta kifuani na nywele zake zilizolowa. Lazhar hakugeuka. Niliona mabega yake tu. Baadaye aliingia jikoni, akachemsha chai, akaijaza sukari mpaka haikunyweka, akasimama juu yetu hadi tukaimaliza.

Alhamisi Ichrak alisimama mbele ya maprofesa watano akaongea saa nzima juu ya chumvi inavyopanda kwenye udongo wa mashamba. Sikuelewa neno hata moja, lakini niliona alivyoshika mikono, ametulia, hakuna ambaye angedhani. Walimpitisha kwa sifa. Tuligawa makaruti, vile vitafunwa vyetu vyenye tende, na profesa mmoja akala saba.

Ijumaa hadi Jumapili baba na binti walizunguka kuona vyumba. Katika kimoja, kitanda kilikuwa kinafunika sinki. Kingine watu arobaini walikuwa wamepanga foleni ngazini. Kila walikoingia Lazhar alijitambulisha kuwa mwalimu mstaafu, na kila mahali walimwambia pensheni ya Tunisia si kitu. Jumapili jioni alirudi na uso wa udongo. Aliniangalia, nami nilishajua anachotaka kusema.

"Viza yako ni ya siku thelathini," akasema.

"Na ya kwako."

"Nina miadi na daktari wa moyo tarehe ishirini na moja. Na mizeituni inangoja kupogolewa."

Basi yeye akarudi peke yake. Tuliongeza wiki mbili kwenye nyumba ile, nikabaki na Ichrak. Nilimpikia. Nilipotea kila siku. Nikitoka kununua vitunguu najikuta mbele ya kanisa nisilolijua, namwonyesha mpita njia karatasi yenye anwani. Ichrak alikuwa anaamka kabla ya alfajiri, ananiangalia kama niko, analala tena.

Chumba kilipatikana Ivry, nje ya jiji upande wa kusini, kwa mama mmoja mjane aliyefurahi kupata mpangaji mwenye shahada. Hakutaka mdhamini. Alitaka mtu wa kumsomea barua zake, kwa vile macho yake yalikuwa yanafifia, na asiyevuta sigara. Palikuwa na kitanda kitupu, kabati, na dirisha linalotazama njia ya reli.

Tulipandisha lile sanduku ghorofa nne, tukipumzika kila ngazi. Mjane akatupa ufunguo, akashuka. Ichrak akajilaza kwenye godoro lisilo na shuka, akasema anapumzisha mgongo dakika moja tu. Ilikuwa saa saba mchana. Nilipanga nguo zake kabatini, nikafuta vioo, treni zikapita nyingi kwa kelele. Alilala hadi saa kumi na moja jioni, viatu miguuni. Sikumwamsha.