Friji Lililoharibiwa kwa Huruma

Haya kanisimulia mjukuu wangu juzi jioni, tukikunja nguo zilizotoka kambani. Ni ya rafiki yake wa chuo. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Chumvi kidogo ni yangu.

Msichana huyo alisomea ufundi wa mafriji. Chuoni kwao, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutolewa darasani akapelekwa mafunzoni kazini, ili aliyoyasoma kwa macho ayajue kwa mikono. Mshahara hakuna. Mwishoni mwalimu huja kumwona akifanya kazi, na akimkuta hajui kitu, mwaka unarudiwa. Na mama yake alishauza cherehani ili mtoto asome. Cha kuuza tena hakikuwepo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hiyo ya tatu hakuiona. Asubuhi aliyoingia karakanani alipewa birika la umeme.

"Anza na chai, mwanangu," alisema Bosi, mwenye karakana. "Ufundi hauna haraka."

Mafundi walikuwa wawili, Mrefu na Babu Waya, nao wakambatiza jina: Birika. Akichungulia tu friji lililofunguliwa mgongo, anasikia, "Birika, sukari!" Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayemfundisha. Miezi ikayoyoma, naye akawa anajua barabara nani hanywi sukari, na kwamba maji yakichemka swichi ya ukutani izimwe, la sivyo Bosi atawaka kuliko umeme wenyewe.

Siku moja simu ikaja: mwalimu anafika kesho. Ndipo huruma ikawashika wote. Bosi akachukua friji zima, akachomoa waya ndani ya plagi, akamnong'oneza, "Kesho rudisha waya huu mbele yake. Litanguruma, utafaulu. Siri yetu."

Kumbe Mrefu naye, Bosi alipotoka, alilifungua friji lile lile akalegeza themostati, kile kidude kinachoamuru baridi. Na Babu Waya akachomoa rilei, ile inayoiamsha mashine. Kila mmoja alikusudia kumnong'oneza asubuhi.

Mwalimu akafika mapema, hata chai haijamiminwa.

"Haya binti, tuone."

Birika akarudisha waya, akachomeka plagi. Friji kimya. Akilini akaliona, pembeni mwa ukuta wa kwao, lile pengo la cherehani. Akamgeukia Mrefu, akauliza swali ambalo trei ya chai haikuwahi kumpa nafasi ya kuuliza:

"Fundi, hapa natazama nini?"

Mrefu akakohoa. "Jaribu themostati... nadhani."

"Unadhani, au unajua?" Babu Waya akamkazia macho Mrefu, kisha akamgeukia binti. "Mjukuu wangu, na rilei nayo itazame."

"Nyie mmelifanya nini friji langu?" Bosi akafoka, kisha akamkumbuka mgeni, akatabasamu meno yote.

Wakamwinamia Birika wote watatu, huyu akimwonyesha kidude, yule akimshika mkono, wakigombana kuhusu skrubu. Kwa saa moja alifundishwa mengi kuliko miezi yote. Kila kitu kikarudi mahali pake.

Friji kimya.

Birika akafuata waya kwa macho, toka friji hadi ukutani, kwenye soketi ya birika lake. Akabonyeza swichi aliyoizima mwenyewe asubuhi.

Friji likanguruma.

"Mnaharibu makusudi, mwanafunzi atafute mwenyewe!" Mwalimu akampa Bosi mkono. "Sijaona karakana inayofundisha hivi. Binti amefaulu. Nitakuleteeni wengine."

"Ndio utaratibu wetu, mwalimu," Bosi akajibu bila kupepesa. "Siku zote." Kisha, kwa mazoea, "Birika, mletee mwalimu chai."

Birika akaenda, akacheka peke yake hadi maji yakachemka.

Alasiri alifika nyumbani, akajitupa kitini na viatu vyake. "Nimefaulu, mama."

"Ngoja nikuletee chai, mwanangu."

Mama alirudi na kikombe, akamkuta kinywa wazi, amelala fofofo. Akaketi kando yake, akainywa ile chai mwenyewe, na kabla hajaimaliza naye usingizi ukamchukua.